Ujirani, Upendo na Uhuru wa Kuhama

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe na kukuta utaratibu wa makazi wenye mifano michache sana duniani. Mvulana alipofikia miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika pembeni mwa kijiji cha wakubwa. Mchana walichunga pamoja ng'ombe wa baba zao. Wakati wa kula walikwenda kundi zima kwa mama wa mmoja wao, kisha kwa mama wa mwingine. Walipooa, wake zao waliletwa hapohapo, na vibanda vile vikakua hadi kuwa kijiji kamili cha wanaume wa umri mmoja na familia zao. Kilichotafutwa katika maisha hayo kiliitwa ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kula na kunywa nao, kuzungumza mkiwa sawa bila mkubwa wa kumwogopa. Godfrey alifariki mwaka 1944, na ni Monica aliyechapisha kitabu juu ya vijiji hivyo mwaka 1951. Kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini watu huvutana na kwa nini wengine hudumu pamoja, kitabu hicho kina uzito sawa na majaribio yote ya maabara, ingawa wanasaikolojia wengi hawajawahi kukitia katika hesabu zao.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, nchini Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walikuwa wametoa utafiti uliokuja kuwa msingi wa somo zima. Waliwachunguza wanafunzi waliooa waliokuwa wakiishi katika nyumba za Westgate, za Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Wakazi hawakuchagua majirani; walipangiwa nyumba kadiri zilivyopatikana. Hata hivyo, urafiki ulifuata milango: wa mlango wa pili walikuwa marafiki kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa karibu na ngazi, ambapo kila mtu alipita, walijuana na wengi zaidi. Mwaka 1968 Robert Zajonc akaongeza kwamba kukiona kitu mara kwa mara kunatosha kukifanya kipendeze. Theodore Newcomb, katika kazi yake ya mwaka 1961, alionyesha kwamba wanafunzi walioishi nyumba moja hatimaye walielekea kwa wale waliofanana nao kwa misimamo. Hivyo majibu mawili yakawa ya kudumu vitabuni, ukaribu wa mahali na mfanano, na kijiji cha rika cha Rungwe kinaonekana kuyathibitisha yote mawili kwa mpigo. Nadhani kinathibitisha jambo la tatu ambalo ni kubwa zaidi. Kukaa karibu huzaa upendo pale ambapo watu wana kazi ya kufanya pamoja na wana njia ya kuondoka. Pasipo njia hiyo, ukaribu huohuo huzaa woga, na mara nyingi watu huuchukulia woga huo kuwa ni utulivu.

Monica Wilson mwenyewe hakuipamba picha yake. Katika vijiji vile vya raha, uchawi uliogopwa sana, na aliyeshukiwa kwa kawaida alikuwa jirani, mtu wa rika lako ambaye mmekula naye. Katika makala ya mwaka 1951 aliwalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini, ambako majirani wa karibu walikuwa ndugu wa ukoo. Kwa Wanyakyusa, mchawi alisemekana kutamani chakula, nyama na maziwa ya jirani. Kwa Wapondo, hofu ilihusu zaidi tamaa za kimwili. Ramani ya hofu, kwa maneno mengine, ilifuata ramani ya ukaribu: ulimwogopa mtu uliyelazimika kushirikiana naye katika jambo linalokugusa zaidi. Saikolojia ya Marekani ilichelewa kuliona hili. Ilikuwa mwaka 1976 ambapo Ebbe Ebbesen na wenzake, wakichunguza makazi ya California, walionyesha kwamba hata wale tunaowachukia wanaishi karibu nasi, tena karibu kuliko marafiki. Glenn Adams, mwaka 2005, alikuta kwamba watu wa Ghana walikuwa wepesi zaidi kuliko Wamarekani kusema wana maadui, na kwamba adui huyo walimtafuta miongoni mwa watu wao wa karibu. Msomaji wa hapa hatashangaa. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ilisema hivyo zamani. Lakini nadharia iliyojengwa juu ya wanafunzi wa chuo haikuwa na nafasi ya kuliweka jambo hilo.

Basi kwa nini kijiji cha rika hakikusambaratika kwa hofu? Sababu moja, na naiona kuwa kuu, ni kwamba wanaume walihama. Monica Wilson alieleza kwamba mtu aliyegombana na wenzake, aliyeshukiwa au aliyewashuku wengine, aliweza kuondoka na kupokewa katika kijiji kingine, na wengi walifanya hivyo. Ardhi haikuwa adimu, na ng'ombe walitembea na mwenyewe. Kila aliyebaki, kwa hiyo, alibaki kwa kutaka, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake angeweza kuondoka. Hapo ndipo uungwana wa ukwangala ulipopata nguvu zake. Kumkaribisha mwenzako chakula, kumchekea na kusikiliza maneno yake hadi mwisho zilikuwa njia za kumfanya asiende. Wageni waliosoma juu ya vijiji hivi mara nyingi huona mshikamano wa jadi ambamo mtu binafsi amemezwa na kundi. Mimi naona kundi lililolazimika kumbembeleza kila mtu wake.

Iringa inatupa ushahidi wa upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mradi ulioongozwa na Walter Goldschmidt juu ya tamaduni na mazingira ya Afrika Mashariki, Robert Edgerton alifanya mahojiano miongoni mwa Wahehe wa Iringa, Wakamba, Wapokot na Wasebei, katika kila kabila akichukua eneo la wakulima na eneo la wafugaji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971. Wakulima, kwa ujumla, walificha hisia zao, walionyesha uhasama kwa njia za kuzunguka na walitaja uchawi zaidi. Wafugaji walisema na kutenda waziwazi. Maelezo yaliyotolewa ni rahisi kueleweka: mfugaji akikosana na jirani husogeza mifugo, lakini mkulima amefungwa na shamba, kesho ataamka na kumkuta mtu yuleyule ng'ambo ya mpaka. Anayelazimika kukaa hujifunza kunyamaza. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2018, Robert Thomson, Masaki Yuki na wenzao walichapisha utafiti wa jamii 39 duniani uliofikia jambo la aina hiyohiyo kwa vipimo vingine. Mahali ambapo ni rahisi kupata watu wapya na kuwaacha wa zamani, watu hufunguliana mioyo zaidi na huwaamini wageni zaidi; mahali ambapo mahusiano yamefungwa, na hasa penye historia ya kilimo cha kukaa mahali pamoja, watu hujizuia. Sisemi kwamba mkulima wa Iringa hapendi. Nasema kwamba anayo sababu nzuri ya kutosema.

Kisha likaja tukio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Novemba 1973 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kuishi vijijini kumekuwa amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mkazi wa mashambani awe amehamia kijijini. Mamilioni ya watu nchini walisogezwa wakaishi nyumba kwa nyumba, na mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa ile iliyopitiwa na operesheni hiyo. Kwa mujibu wa Festinger, urafiki ungepaswa kuchipua kila mahali. Baadhi ya mema yalipatikana kweli: watoto walisoma pamoja, visima na zahanati vikawakutanisha wanawake waliokuwa wametawanyika, na koo zisizojuana zikaanza kuoana. Lakini mashamba ya ujamaa, ambayo yalikusudiwa kuwa mahali pa kufanya kazi bega kwa bega, yalikufa karibu kote, huku watu walewale wakiendelea kusaidiana katika migowe na vyama vya kazi walivyounda wenyewe, kila mmoja akialika aliowataka na kuwaandalia pombe. Tofauti haikuwa ukaribu, kwa sababu majirani walikuwa walewale. Haikuwa kazi pia, maana jembe lilikuwa lilelile. Ilikuwa hiari. Isimani, ambako Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi tarehe 25 Desemba 1971, ugomvi ulikuwa wa ardhi na mamlaka, wala haufai kugeuzwa mfano wa saikolojia ya urafiki. Hata hivyo, nyuma ya mvutano wa miaka ile lilikuwepo pia swali la nani anachagua utakayelima naye.

Kuna atakayesema kwamba nimekuza suala la kuhama na kusahau mfanano. Vijana wa rika la Rungwe walifanana kwa umri, lugha, kazi na matumaini. Ya nini kutafuta sababu nyingine? Pingamizi hili lina nguvu, na Donn Byrne alilijengea ushahidi mwingi tangu mwaka 1961 kwa kuwapa watu madodoso ya watu wasiowajua na kuona jinsi walivyowapenda waliojibu kama wao. Lakini mwaka 2008 Matthew Montoya na wenzake walikusanya mamia ya matokeo ya aina hiyo na kugundua kwamba nguvu ya mfanano halisi ni kubwa kwa watu wanaokutana mara ya kwanza au wasiowahi kuonana, na hupungua kabisa katika mahusiano yaliyokwisha kuundwa. Kinachobaki ni kuhisi kwamba mnafanana. Na hisia hiyo hutokana na kukaa pamoja kwa hiari kwa muda mrefu kuliko inavyotangulia. Jiji la Mbeya ni mahali pazuri pa kuliona hili. Barabara kuu ya Zambia, na kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, viliwaleta pamoja Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga, Wabena na wengine kutoka mbali, na ndoa za makabila tofauti si jambo la kusimuliwa tena. Wenye ndoa hizo watakuambia wanafanana sana na wenzi wao. Wanasema kweli, ila kufanana huko wamekutengeneza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mapenzi yenyewe. Mvuto wa mtu kwa mtu haungoji mpangilio wa makazi, na William Jankowiak na Edward Fischer, mwaka 1992, walipata dalili za mapenzi ya moyo katika jamii 147 kati ya 166 walizozipitia. Hata Rungwe ya ng'ombe wa mahari ilijua wasichana waliotoroka na wanaume waliowapenda. Nakubali kabisa. Ninachokataa ni imani kwamba mvuto huo unaeleza kitakachofuata. Mwaka 2017 Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel walitumia kompyuta kuchambua zaidi ya sifa mia moja za watu kabla hawajakutana, wakitaka kubashiri nani atamvutia nani hasa, lakini hawakuweza. Mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Joel lilikusanya takwimu za wapenzi na wanandoa zaidi ya 11,000 kutoka tafiti 43. Sifa za mtu mmojammoja, tabia yake, umri wake, kipato chake, zilieleza kidogo kuliko mambo yaliyo kati yao wawili: kama mmoja anaona mwenzake amejitoa, kama anaona anathaminiwa, kama hawagombani ovyo. Hayo yote hayapo siku ya kwanza. Hujengwa, na yanahitaji mazingira ya kuyajengea, ambayo ndiyo saikolojia imeyaacha kando kwa kudhani kwamba kila mahali ni kama Westgate, ambako mwanafunzi akimaliza masomo anafungasha na kwenda zake.

Mazingira hayo hayakuwa sawa kwa wanaume na wanawake, na hapa utaratibu wa Rungwe unastahili kulaumiwa waziwazi. Ukwangala ulikuwa wa wanaume. Mume alikula na rika lake, si na mke. Mke alikuja kijijini akiwa mdogo kwa miaka mingi kuliko mumewe, mara nyingi akiwa mmoja wa wake kadhaa, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake walifanya kuondoka kwake kuwe deni la baba na kaka zake. Mume alihama akitaka, mke akahamishwa. Haishangazi kwamba miongoni mwa Wakristo wa misheni za Wamoravia na za Berlin, zilizoingia eneo hilo mwaka 1891, mume na mke kula pamoja kulikuwa badiliko lenye maana kubwa: kwa mara ya kwanza usawa ule wa mezani uliingia ndani ya ndoa. Lakini chakula hakitoshi kama mmoja hawezi kuondoka. Caryl Rusbult, aliyejenga nadharia yake kuanzia mapema miaka ya 1980, alisema watu hubaki kwa sababu tatu: wameridhika, wamewekeza mengi, au hawana pengine pa kwenda. Mwaka 1995 yeye na John Martz waliwafuatilia wanawake waliokimbilia makazi ya hifadhi kwa kupigwa, wakaona kwamba waliorudi kwa waume wale walikuwa hasa wale wenye njia chache nje. Ndoa iliyodumu miaka thelathini kwa sababu hiyo ya tatu huhesabiwa na majirani kuwa ndoa njema. Kwangu mimi, hapo hakuna cha kusifiwa.

Sheria ya Tanzania imelifikia jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu talaka pale ndoa inapovunjika kiasi cha kutorekebishika, baada ya kupitia baraza la usuluhishi. Lakini mwanamke aliyetoka mikono mitupu alikuwa ametoka kwa jina tu. Ndiyo maana hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ni tukio la kisaikolojia pia. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata zaidi, lakini kanuni ilisimama, na maelfu ya wanawake wasioifahamu kesi hiyo kwa jina wanaishi chini ya kivuli chake. Mke mwenye haki ya kuondoka na sehemu yake hupewa sikio tofauti hata kama haondoki kamwe. Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wa afya na uhai. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Mwanamke anayemtegemea mume kwa nyumba, shamba na chakula cha watoto hawezi kumwambia akapime, wala kukataa, kwa sauti ileile ya mwenye pa kwenda.

Hofu ya wazee, na ya viongozi wengi wa dini, ni kwamba mlango ukiwa wazi kila mtu atatoka: wanafunzi wanaopanga chumba kimoja muhula huu na kuachana muhula ujao, ndoa zinazovunjwa kwa ujumbe wa simu. Kuachana kwa namna hiyo kupo, na huumiza. Ila ushahidi juu ya namna kujifunga na uhuru vinavyoishi pamoja ulipatikana Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alifuatilia watoto wachanga 28 katika familia 26 za vijiji vya Buganda. Aliona kwamba mtoto aliyekuwa na hakika na mama yake ndiye aliyetambaa mbali zaidi kuchunguza vitu, akirudi mara kwa mara, huku asiye na hakika aking'ang'ania mapajani. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walitumia mawazo hayo kwa wapenzi watu wazima na kuona mpangilio unaofanana. Kung'ang'ania si kipimo cha upendo mkubwa. Mara nyingi ni kipimo cha wasiwasi. Anayehofia kwamba uhuru utaua ndoa anachukulia kwamba kilichokuwa kikizishika ndoa ni kufuli. Palipo hivyo ni heri tujue.

Vijiji vya rika vilififia, na sababu zake zinaunga mkono hoja hii. Kahawa na mazao mengine ya kudumu yalipopandwa Rungwe, na ardhi ilipoanza kuwa haba, kijana alilazimika kukaa karibu na baba ili arithi shamba. Kuhama kukawa hasara. Leo nyumba nyingi za Tukuyu zimepakana na za kaka na baba wadogo, na kesi za mipaka na mirathi zinawahusu watu wa damu moja. Lakini hitaji la wenzako wa kuchagua halikufa. Lilihamia pengine: kwaya za Wamoravia na Walutheri, vijiwe vya bodaboda Mwanjelwa na Uyole, na hasa vikoba. Wanawake wa mitaa ya Iringa mjini wanaojiunga na kikoba huchaguana wenyewe, kwa kuwa fedha ya mmoja iko mikononi mwa wote. Hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, huchangiana misiba na uzazi, na mwisho wa mwaka huvunja kikoba: kila mtu anachukua chake na yuko huru. Kisha wanaandikishana upya. Wasomi wetu wa Iringa na Mbeya wanaotafuta namna ya kupima ukaribu wa watu bila kuazima madodoso ya Marekani wanaweza kuanzia kwenye daftari za vikoba hivyo, kwa kulinganisha majina ya mwaka uliopita na ya mwaka huu: nani amerudi, nani hakuitwa tena, na nani aliyekuja kwa kuletwa na rafiki.